Shule za mazingira: yanayosemwa na ukweli wake

Shule ya mazingira ni ile inayofanya shamba, miti na udongo kuwa sehemu ya masomo. Haya ndiyo yanayosemwa mara nyingi kuihusu.

"Hizo ni shule za watoto wa matajiri." Anayesema hivi mara nyingi ameona picha za Green School ya Bali, Indonesia, iliyofunguliwa mwaka 2008: majengo ya mianzi, madarasa yasiyo na kuta, na karo asiyoimudu mzazi wa kawaida. Kuhusu karo hajakosea. Lakini fikra ya kujifunza kwa kugusa mazingira kwetu si ngeni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shamba liwe sehemu ya masomo na wanafunzi washirikishwe kuamua kazi na mapato yake. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, Dar es Salaam, wakiwa wamekerwa na mambo kama uvuvi wa baruti na ujangili. Hapo ndipo ilipoanza Roots & Shoots, harakati ya vijana ya kutunza mazingira, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani.

"Watoto wanalimishwa badala ya kufundishwa." Hofu hii ina sababu, na siwalaumu wazazi. Wengi wetu jembe tulilijua kama adhabu: umechelewa namba, nenda kafyeke. Wengine walipalilia hadi shamba la mwalimu. Huko kulikuwa kutumikishwa, wala hapakuwa na somo lolote ndani yake.

Shamba huwa darasa pale mtoto anapoulizwa swali. Chukueni shina la maharage lililoanza kutoa maua, mling'oe taratibu pamoja na udongo wake, kisha msuuze mizizi. Mtaona vinundu vidogo vimeshikamana nayo. Pasueni kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Kikiwa cha kijivu au kijani, kazi imesimama. Sasa linganisheni na tuta lililomwagiwa yurea nyingi: vinundu huwa vichache, kwa sababu mmea uliopewa naitrojeni tayari hauna haja ya kuwalisha bakteria. Ndani ya kipindi kimoja mmegusa baiolojia, kemia na hesabu ya bei ya mbolea, na mtoto ameishika kwa mkono wake habari ambayo angeikariri ubaoni na kuisahau baada ya mtihani.

"Atachafuka, ataugua." Minyoo ipo, hilo ni kweli, viatu na sabuni ni lazima. Lakini uchafu wote si adui. Nchini Finland watafiti waliweka udongo na mimea ya msituni kwenye viwanja vya shule za chekechea, na baada ya siku 28 bakteria wa ngozi za watoto walikuwa wa aina nyingi zaidi, huku vipimo vya kinga ya mwili navyo vikionesha mabadiliko mazuri.

"Watoto hawawezi kubadili kitu." Melati na Isabel Wijsen walikuwa na miaka 12 na 10 walipoanza, mwaka 2013, kampeni ya kuondoa mifuko ya plastiki Bali. Walikuwa wanafunzi wa ileile Green School. Marufuku ilikuja mwaka 2019, mwaka ambao Tanzania nayo ilipiga marufuku mifuko hiyo, Kenya ikiwa imetangulia 2017. Si wao peke yao walioileta, lakini watu wazima wa kisiwa kizima walilazimika kuwasikiliza.

"Sisi tayari tunapanda miti kila mwaka." Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Mgeni rasmi anakuja, mche unaingizwa shimoni, picha zinapigwa, na kiangazi kikifika kimebaki kijiti kikavu. Pengine mti wenyewe ni mkaratusi, umepandwa kando ya chemchemi ambayo utainywa. Wangari Maathai alilijua tatizo hili. Katika Green Belt Movement, aliyoianzisha Kenya mwaka 1977, akina mama walilipwa kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo bila senti moja: kila darasa lipewe miti yake na zamu ya kumwagilia, wachague wenyewe ya asili ya mahali pao, kisha waihesabu mvua zinaporudi, wakiandika ni mingapi imekufa na imekufa kwa nini.