Je, wajua? Rangi ya buibui-kaa haikwambii ni wa jenasi gani

Buibui-kaa jike wa spishi ya Misumena vatia akihama kutoka ua jeupe kwenda ua la manjano, baada ya siku kadhaa na yeye huwa wa manjano. Akirudi kwenye jeupe, hurudia weupe wake. Sasa mpe mtaalamu buibui wawili, mmoja mweupe na mmoja wa manjano, umwombe aseme kama ni spishi moja au mbili. Rangi, ambayo wengi wetu tungeanza nayo, haimsaidii kitu.

Weupe wa buibui huyu unatokana na fuwele ndogo za guanini, kemikali inayoakisi mwanga, zilizo chini ya ngozi. Anapohitaji kuwa wa manjano, hutengeneza kimiminika chenye rangi hiyo na kukipeleka kwenye tabaka la juu la seli, kikazifunika zile fuwele. Ndiyo maana kugeuka manjano humchukua muda mrefu kuliko kurudi kuwa mweupe: rangi lazima ipikwe kwanza. Na tukumbuke kwamba tunachokiona sisi sicho anachokiona nyuki. Huko Australia, Thomisus spectabilis, ambaye machoni petu ni mweupe tu, huakisi miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni, na watafiti waligundua kwamba nyuki huvutwa zaidi na ua lenye buibui huyo kuliko lisilo naye.

Familia yao inaitwa Thomisidae, jina lililotolewa na Msweden Carl Jakob Sundevall mwaka 1833. Ndani yake mna jenasi, yaani makundi ya spishi zilizo karibu kinasaba, zipatazo 170 na spishi zaidi ya 2,100. Jozi mbili za mbele za miguu ni ndefu na nene kuliko za nyuma, tena zimegeukia pembeni, hivyo mnyama huyu huenda mbele, nyuma na upande bila shida. Hategi utando. Hukaa, hungoja, hudaka. Taya zake ni ndogo na kwa kawaida hazina meno ya kutafunia, kwa hiyo humng'ata windo, humtia sumu na kumfyonza polepole kupitia vitundu vidogo. Nyuki aliyekwisha kuliwa hubaki mzima kwa umbo, ukimtazama utadhani amepumzika.

Lakini hata umbo la kaa si ushahidi wa kutosha. Familia za Sparassidae na Selenopidae nazo zina miguu iliyogeukia pembeni, na watu huwaita wote buibui-kaa bila kujali. Kundi lililosumbua zaidi ni Philodromidae, wakimbiaji hodari ambao kwa muda mrefu waliwekwa ndani ya Thomisidae kama familia ndogo. Mwaka 1975 Mjerumani Heinrich Homann aliyachunguza macho ya makundi haya mawili na kuonyesha kwamba yameundwa tofauti mno kuweza kukaa nyumba moja. Leo Philodromidae ni familia inayojitegemea. Ukitaka njia nyepesi, angalia miguu: kwa Philodromidae haitofautiani sana kwa urefu, na mara nyingi jozi ya pili ndiyo ndefu kuliko zote.

Ukishajua familia, ndipo kazi ya jenasi inapoanza, na hapo hadubini haikwepeki. Buibui-kaa ana macho manane katika safu mbili, na yale ya pembeni kwa kawaida hukaa juu ya vinundu. Kwa Thomisus vinundu hivyo vimechongoka kama pembe mbili. Jenasi ya Misumenoides ina ukingo mweupe unaopita usoni chini ya macho ya mbele, na ukingo huo Misumena hana, ingawa wote wawili hukaa mauani na huweza kuwa weupe au wa manjano. Mecaphesa naye hufanana nao kwa mbali, ila mwili na miguu vimejaa nywele ngumu zilizosimama. Ozyptila, wa kahawia, anayeishi chini kwenye majani makavu, ana nywele zilizonenepa nchani kama rungu. Nywele tu! Lakini ndizo zinazomtenganisha na Xysticus, jirani yake anayemfanana mno.

Penye utata zaidi hutazamwa viungo vya uzazi. Dume ana pedipalpi, yaani vijiguu viwili karibu na mdomo, ambavyo nchani hubeba mbegu za kiume, na kila spishi ina ndoano na miiba yake mahali hapo. Jike ana bamba gumu chini ya tumbo lenye tundu na mifereji ya namna yake. Kwa sababu hiyo buibui mchanga, hata awe mzuri kiasi gani, mara nyingi huishia kuandikiwa jina la jenasi peke yake: viungo hivyo havijakomaa.

Mipaka ya jenasi yenyewe haijatulia. Misumenops ilikuwa kama kapu la kutupia kila buibui-kaa mdogo wa mauani, kutoka karibu kila bara. Mwaka 2008 wataalamu wa buibui Pekka Lehtinen na Yuri Marusik waliipitia upya, na spishi nyingi za Amerika zikahamishiwa Mecaphesa, jina ambalo Eugène Simon alikuwa amelitoa tangu mwaka 1900.

Waigizaji nao wamewachanganya wataalamu. Aphantochilus wa Amerika Kusini amefanana na sisimizi anaowala kiasi kwamba aliwahi kupewa familia yake peke yake, kabla ya kurudishwa kwenye Thomisidae. Amyciaea wa Asia huwaiga wale chungu wekundu wanaoshona majani, na mwisho wa tumbo lake kuna madoa mawili meusi yanayoonekana kama macho, hivyo nyuma yake huonekana kuwa kichwa. Phrynarachne, kwa upande wake, anafanana na kinyesi cha ndege. Ukiwaweka hawa watatu mezani pamoja na Misumena, nani angesema ni ndugu? DNA imesaidia sana hapo, ingawa nayo imeonyesha kwamba baadhi ya makundi yaliyopangwa kwa sura, hasa lile la Stephanopinae, halikutokana na babu mmoja.

Mihamo hii yote huacha alama kwenye majina. Ukikuta limeandikwa Misumena vatia (Clerck, 1757), mabano hayo yana maana: Carl Clerck ndiye aliyeipa spishi hiyo jina, lakini aliiweka katika jenasi nyingine, Araneus, na wengine wakaihamisha baadaye. Jina lisilo na mabano ni la spishi ambayo bado ipo katika jenasi iliyowekwa mara ya kwanza. Mwaka huo nao una kisa chake. Kanuni za majina ya wanyama huanza kuhesabu kwenye kitabu cha mwaka 1758 cha Linnaeus, Msweden aliyeanzisha mfumo wa kuwapa viumbe majina mawili, na cha kabla ya hapo hakitambuliwi. Kitabu cha Clerck kuhusu buibui wa Sweden, kilichotangulia kwa mwaka mmoja, ndicho kilichoruhusiwa kupita.