Januari mosi si ya Caesar, jamani

Mwaka mpya huu tena nimetumiwa ule ujumbe: eti Julius Caesar ndiye aliyeuhamishia mwaka Januari mosi. Safari hii umetoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ndiyo maana umeniuma.

Caesar alirekebisha hesabu ya siku, basi. Kalenda yake ilianza mwaka 45 KK. Makonsuli, watawala wawili wa Roma waliochaguliwa kila mwaka, walikuwa wakishika madaraka Januari mosi tangu 153 KK, na mwaka wa Kiroma ulihesabiwa kwa majina yao. Kabla ya hapo ilikuwa Machi 15.

Wa kulaumiwa ni Segeda, mji wa Wabeli, kabila la Wakeltiberia wa Hispania ya kale. Magofu yake yako Mara, mkoa wa Zaragoza, Hispania. Wabeli walianza kujenga ukuta wa stadia 40, kama kilomita 7, na kuwahamishia humo jirani zao Watiti, watake wasitake. Seneti ya Roma ikakataza: mkataba waliofunga na jemadari wa Kiroma Gracchus hauruhusu. Wabeli wakajibu kama mawakili. Mkataba unakataza kujenga miji mipya, haukatazi kuuzungushia ukuta mji uliopo! Na kodi na askari mnaotudai je? Roma yenyewe ilishatusamehe. Appian, mwanahistoria wa Kigiriki anayetusimulia haya, anakubali kwamba kweli walisamehewa, ila misamaha ya Seneti hudumu mpaka Seneti ibadili nia. Hisani yenye kamba.

Basi akatumwa konsuli Nobilior na watu karibu 30,000. Angengoja Machi ndipo ashike madaraka, msimu wa vita ungemwishia njiani; ndiyo maana tarehe ikarudishwa Januari mosi. Ukuta haujakamilika, Wabeli wakakimbilia kwa Waarevaki, kabila jingine la Wakeltiberia, kisha wakamvizia Agosti 23 na kuua Waroma 6,000. Kiongozi wao Carus akauawa akiwafukuza waliokimbia, pamoja na wenzake 6,000. Sita huku, sita kule: mizani iliyokaa sawa hivyo hunitia shaka, hasa kwa Appian, aliyeandika karibu miaka 300 baadaye.

Na nikiri jambo. Muhtasari wa kitabu cha Livy, mwanahistoria wa Kiroma, unasema tu kwamba tarehe ilibadilishwa kwa sababu Wahispania waliasi. Hautaji Segeda wala ukuta, na Walusitania, watu wa magharibi ya rasi hiyohiyo, nao walikuwa vitani na Roma wakati huohuo. Fundo la Segeda tumelifunga sisi wanahistoria. Mimi naliamini, maana Nobilior alielekea huko, si kwa Walusitania.

Mwanafunzi nimemjibu kwa neno moja: Segeda. Akaniuliza kama ni jina la mke wa Caesar.