Linux si ya wataalamu wenye bando tu
Kuanzia Kampala hadi Gulu bado husemwa kwamba Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ni ya wataalamu, na kwamba bila intaneti haifanyi kazi. Si kweli. Unapakua faili la Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, mara moja, takriban GB 3, kisha flashi moja ya GB 8 inahudumia kompyuta za shule nzima, leseni inaruhusu. LibreOffice ya kuandikia na Firefox ya kuvinjari mtandao zimo ndani tayari.

Kuburuta faili hilo kwenye flashi hakutoshi, kompyuta haitaliona. Liandike kwa programu ya Rufus au balenaEtcher.

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inatosha, hasa ukichagua toleo jepesi la Mint liitwalo Xfce. Iwashe kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa. Wengi hukwama hapa: baadhi ya kadi za Wi-Fi za kampuni ya Broadcom hukosa draiva, yaani programu ya kuziendesha. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa data na USB tethering ili kompyuta ipate intaneti, kisha usakinishe draiva.

Tafadhali, nakili kazi zako kwingine kwanza. Ukichagua kufuta diski, kila kitu kinaondoka. Betri iwe imejaa pia, kwani umeme ukikatika katikati ya usakinishaji utaanza upya.