Kwa Nini Famasi ya Mtaani Haikuchomi Sindano

Mwanjelwa, Mbeya, jioni, soko likikaribia kufungwa, kaunta ya duka la dawa huelemewa. Huyu anataka kupimwa presha, yule "dawa ya homa", mwingine kaja na sindano yake mkononi. Lawama hazikosi, na wapo wanaodai maduka haya yaruhusiwe kutoa huduma zaidi ya kuuza dawa.

"Sindano ni dakika mbili, wanaringa tu." Hawaringi. Kibali cha kuuza dawa si kibali cha kutibu. Mgonjwa akizidiwa ghafla na mzio wa penisilini, duka halina vifaa wala wataalamu wa kumwokoa. Wanaotundika dripu nyuma ya pazia wanavunja sheria, hata kama majirani wanawasifu.

"Kila muuza dawa ni mfamasia." Famasi lazima iwe na mfamasia msimamizi. Duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, huendeshwa na mtoa dawa mwenye msingi wa fani ya afya, aliyeongezewa mafunzo ya wiki chache. Kwa hiyo anayedai huduma ziongezwe aseme kwanza: duka lipi?

"Homa ni malaria, nipe mseto." Mseto ni dawa ya malaria, na kauli hii ndiyo inayonikera zaidi. Njombe na nyanda za baridi za Iringa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria kidogo kabisa nchini. Homa ya huko yaweza kuwa nimonia au maambukizi ya mkojo. Lakini Kyela na bonde la Usangu mbu wapo, na mabasi ni ya kila siku. Mtoa dawa makini huuliza, "Wiki hizi mbili ulikuwa wapi?" Jibu la uhakika hutoka kwenye kipimo. Kukiweka dukani, hata kile cha haraka, kunahitaji ruhusa, glavu, boksi la vyenye ncha kali, mtu wa kuzichukua taka hizo na daftari la majibu. Halafu mgonjwa akikutwa hana malaria, duka halijauza mseto. Mfumo unaomlipa muuzaji kwa dozi tu unamvuta upande gani?

"Presha ni kufunga mkanda tu." Aliyepanda mlima kutoka stendi anatakiwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umeshikiliwa, bila kuongea, kisha apimwe zaidi ya mara moja. Kiti kitawekwa wapi kwenye fremu iliyojaa makabati? Faragha nayo ni shida. Utafiti wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wazima, ila kuulizia kipimo cha kujipima mbele ya shemeji yako kwenye foleni si jambo dogo.

"Ushauri ni bure." Kwa mteja, ndiyo. Mwenye duka analipa kodi ya fremu na mshahara, na robo saa ya kumweleza bibi namna ya kutumia dawa zake za kisukari haiandikwi kwenye risiti. Bima hulipia dawa zilizotoka. Mpaka muda huo upate wa kuulipia, maduka mengi yataendelea kuuza dawa tu, hata sheria ikilegezwa kesho.