Je, wajua kwa nini chujio la maji halitoi chumvi?

Ukichuja chai, majani hubaki kwenye kichujio na sukari hupita. Hakuna aliyewahi kukung'uta kichujio cha chai akakuta sukari imebaki humo. Nililijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo, nilipohamia nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam, ambako maji yalitoka kwenye kisima cha mwenye nyumba na kupandishwa kwenye simtank, nilikwenda kununua chujio la ndoo mbili lenye mshumaa wa kauri, yaani kipande cha udongo uliochomwa ambacho maji hupenya ukuta wake, nikiamini litanitolea chumvi. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikayamimina kwenye ndoo ya juu na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi yalikuwa maangavu kama kioo, na chumvi yake ilikuwa palepale.

Nilidhani mshumaa ni mbovu, nikanunua mwingine. Matokeo yakawa yale yale. Wapangaji wenzangu wawili walikuwa wamepitia njia hiyo hiyo kabla yangu, na mmoja wao alikuwa ameligeuza chujio lake kuwa ndoo ya kuhifadhia unga. Kwa hiyo kosa hili si la mtu mmoja, na linawagharimu watu fedha ambazo wangeweza kuzitumia vizuri zaidi.

Kosa lenyewe ni kulichukua neno "uchafu" kana kwamba ni kitu kimoja. Tope ni vipande vya udongo vinavyoelea ndani ya maji. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo ni viumbe, vidogo sana, lakini bado ni miili yenye upana na urefu. Chumvi ni jambo jingine kabisa. Ikiingia kwenye maji haibaki kuwa chembe. Huvunjika ikawa sodiamu na kloridi, kila kimoja kikitembea peke yake huku molekuli za maji zimekizunguka. Pale hakuna tena punje ya kunasa. Chumvi imekuwa sehemu ya maji, kama sukari kwenye chai.

Tuvikuze vitu hivi ili tuone tofauti. Tuseme kipande kimoja cha sodiamu, pamoja na maji yaliyokizunguka, kimekuzwa kikawa na ukubwa wa mbegu ya mchicha, kama milimita 1 hivi. Kwa kipimo hicho hicho, tundu la kawaida la mshumaa wa kauri, lenye upana wa nusu mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), litakuwa na upana wa sentimita 70 hivi. Hilo ni tundu la kupita mtu. Kutegemea mshumaa uzuie chumvi ni kuacha mlango wazi ukitumaini mbegu za mchicha hazitapita.

Kuchemsha nako hakusaidii upande huu. Kinachopanda juu ni mvuke wa maji matupu, na chumvi hubaki sufuriani. Ukichemsha lita 5 zikabaki 4, chumvi yote ya lita 5 sasa imo ndani ya lita 4, yaani kila lita ina robo zaidi ya ilivyokuwa. Ndiyo maana maji yangu yaliyochemshwa kwa muda mrefu yalizidi kukolea mdomoni.

Lakini mshumaa ule niliouona mbovu ulikuwa unafanya kazi nyingine kubwa, na hapa ndipo mambo yanapovutia. Kwa kipimo chetu cha mbegu ya mchicha, bakteria wa kawaida wa tumboni anakuwa na upana wa kama sentimita 70 na urefu wa karibu mita 3. Ni mtumbwi mdogo. Sasa utasema, mtumbwi wenye upana wa sentimita 70 ukielekezwa vizuri si utapenya kwenye mlango wa sentimita 70? Ungepenya, kama mlango ungekuwa mmoja na njia imenyooka. Ukuta wa mshumaa hauko hivyo. Fikiria umeambiwa ubebe mtumbwi huo kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, pale ambapo kila hatua chache kuna kona, njia inabana, inapanuka, inagawanyika, halafu inaishia kwenye ukuta. Ukuta wa mshumaa wenye unene wa milimita 7, ukikuzwa kwa kipimo hicho, unakuwa na vichochoro vya kilomita 10. Mtumbwi hauwezi kufika upande wa pili. Utakwama kwenye kona fulani, na mitumbwi inayofuata itakwama nyuma yake.

Kwa sababu hiyo maji hushuka polepole, lita 1 hadi 3 kwa saa kwa mshumaa mmoja unaotegemea uzito wa maji tu. Mwendo ukiongezeka ghafla wiki moja bila wewe kuusafisha mshumaa, usifurahi. Mara nyingi maana yake ni kwamba maji yamepata njia ya mkato, ama kwenye ufa, ama pembeni mwa mpira wa nati inayoushikilia mshumaa. Niliuona mpira huo umekaa upande kwenye chujio la jirani, na maji yalikuwa yakishuka bila kupita kwenye kauri hata kidogo.

Kuna kinachopenya vichochoro hivyo. Virusi vya homa ya ini aina A, kwa kipimo chetu, vina upana wa sentimita 4, sawa na ndimu. Rotavirusi, vinavyoharisha watoto, vinakaribia embe dogo. Ndimu inabingirika kwenye vichochoro bila shida. Hata sayansi ya virusi yenyewe ilianzia kwenye mshumaa wa kauri. Mwaka 1884 Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur huko Paris, alitengeneza mshumaa wa kauri uliozuia bakteria wote waliojulikana. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alipitisha kwenye mshumaa wa aina hiyo utomvu wa majani ya tumbaku yaliyokuwa na ugonjwa. Kilichotoka upande wa pili, ambacho hakikupaswa kuwa na bakteria yeyote, bado kiliambukiza majani mazima. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia jaribio hilo na kukiita kile kisichonaswa kwa jina tunalolitumia leo, virusi. Kwa maneno mengine, virusi vilijulikana kwanza kama "kile kinachopita kwenye chujio". Chombo cha jikoni cha mpangaji wa Tabata ni ndugu wa kile kilichofungua elimu hiyo, na ninalipenda sana jambo hili.

Kwa hiyo maandishi ya kwenye boksi yanayosema chujio linaondoa asilimia 99.99 yasomwe mpaka mwisho. Mara nyingi asilimia hiyo ni ya bakteria, kwa mshumaa mpya uliopimwa maabara. Virusi vinamalizwa na moto au klorini. Maji yakishachemka kwa dakika 1, bakteria na virusi vya maradhi havina uhai tena. Ukitumia dawa ya maji yenye klorini, itie kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa kipimo kilichoandikwa, kisha subiri dakika 30. Utaratibu huo una sababu mbili. Maji ya tope huila klorini kabla haijafika kwa vimelea. Pia mishumaa mingi ina mkaa ndani yake, na mkaa huinyonya klorini, kwa hiyo ukiitia juu haitafika chini. Kuna na uzuri mwingine: kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, chenye ganda gumu, huistahimili klorini, lakini ana upana wa mikroni 4 hadi 6, kwa hiyo mshumaa humnasa bila taabu. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake.

Mkaa huo nao umezungukwa na maneno mengi. Ni mkaa wa vifuu vya nazi au makaa ya mawe uliopitishwa kwenye moto mkali na mvuke hadi ukajaa matundu madogo mno. Gramu moja ya mkaa huo, ukiukunjua uso wake wote, inaweza kufikia mita za mraba 1,000. Nao hauchuji kama ungo. Fikiria kanga iliyofukizwa udi. Moshi haukunaswa kwenye matundu ya kitambaa, umeganda kwenye nyuzi zake, na ndiyo maana ukivaa kesho bado inanukia. Mkaa unafanya hivyo kwa klorini, kwa harufu ya matope, kwa baadhi ya dawa za shambani. Vitu hivyo huganda. Chumvi haigandi, kwa sababu sodiamu na kloridi hupenda kukaa na maji kuliko kukaa na mkaa. Na kama kanga iliyokwisha kufukizwa sana isivyoweza kubeba moshi zaidi, mkaa nao hushiba. Baada ya miezi unapaswa kubadilishwa, na ukikaa muda mrefu bila kubadilishwa bakteria hufanya makazi ndani yake. Chujio la mkaa mtupu, lile dogo la kufungwa kwenye bomba, hutengeneza ladha nzuri. Kwa maji ya kisima ambayo hujui kilichomo, lisiwe kinga yako pekee.

Wauzaji wanaopita nyumba kwa nyumba wana majaribio mawili yanayoshawishi sana. La kwanza ni kalamu ya kupimia, inayochovywa kwenye maji na kuonyesha namba. Kalamu hiyo hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kutokana na hapo hukadiria vitu vilivyoyeyuka. Haioni bakteria hata mmoja. Maji ya mvua yaliyoingiwa na kinyesi cha ndege yanaweza kuonyesha namba ndogo ya kupendeza, na maji salama ya chupa yenye madini yakaonyesha namba kubwa. La pili ni fimbo mbili za chuma zinazounganishwa na umeme na kutumbukizwa kwenye glasi. Maji ya bomba hugeuka kahawia na kutoa ukoko wa kutisha, na maji ya mashine yao hubaki meupe. Rangi ile haikutoka kwenye maji. Umeme umepita, chuma kimeyeyuka kutoka kwenye fimbo, kikawa kutu. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo hazikuliwa. Tia chumvi kidogo ya mezani kwenye glasi yao ile nyeupe na itageuka kahawia pia. Nilimwona mama mmoja akitaka kukopa fedha za kodi kwa sababu ya glasi ile, na ndipo nilipoamua kuandika haya.

Chombo kinachotoa chumvi kweli kipo, ni mashine ya RO (kifupi cha "reverse osmosis"), ambayo husukuma maji kwa nguvu kupita utando unaoruhusu maji na kuzuia karibu kila kilichoyeyuka. Shida yake kwa mpangaji ni ile nguvu. Utando wa kawaida wa nyumbani unahitaji msukumo wa kama bar 3 (bar ni kipimo cha msukumo), na maji yaliyosimama huzaa bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Simtank iliyo juu ya mnara wa mita 4 inakupa bar 0.4. Ili uendeshe mashine bila pampu ungehitaji tenki kwenye paa la ghorofa kumi. Kwa hiyo unanunua na pampu, unategemea umeme, unaomba ruhusa ya kugusa mabomba, na mashine nyingi za bei nafuu hutupa lita 2 au 3 kwa kila lita 1 ya kunywa. Maji hayo yanayotupwa yanafaa kudekia, lakini kama unalipia maji kwa dumu, hesabu inauma. Chumba kimoja cha kupanga hakihitaji mashine hii.

Arusha na sehemu za mlima Meru mambo hubadilika, kwani pale kinachoyeyuka ni floridi, isiyo na ladha ya kukuonya, na ikizidi huharibu meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mshumaa hauigusi, kuchemsha huizidisha, na mkaa wa vifuu hauitoi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe ndio huinasa, na kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, huko Arusha, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Anayepanga huko aulize kwanza maji ya eneo yamepimwa vipi kabla ya kuangalia chujio lolote dukani.

Kwetu Dar es Salaam jibu langu lilikuja nilipoacha kutafuta chombo cha kuyatengeneza maji ya kisima na kuanza kuyatenga maji. Mtu mmoja hunywa lita 2 au 3 kwa siku. Watu wanne, hata kwa chai na uji, wanakaa ndani ya lita 10 hadi 12. Hiyo ni takriban nusu ya dumu la lita 20. Kuoga, kufua, kuosha vyombo na choo, ambako ndiko maji mengi yanakokwenda, chumvi ya kisima haina shida kubwa zaidi ya sabuni kukataa povu. Basi nanunua dumu moja la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mto Ruvu kwa kila siku mbili, na msimu wa masika nakinga ya bati baada ya kuacha mvua ya mwanzo ioshe paa. Hayo ndiyo yanayopita kwenye mshumaa, yakatiwa dawa, yakakaa kwenye ndoo yenye koki na mfuniko.

Ukienda kununua, mshumaa wa akiba na mpira wake viwe vinapatikana mtaani kwako, maana ndoo hudumu miaka na mshumaa hausubiri. Uugonge kidogo kwa kucha kuzunguka pande zote na uutazame kwenye mwanga. Ukifika nyumbani uuloweke usiku kucha, kisha uuzamishe kwenye maji safi na upulize kwa mdomo kwenye kijiti chake kilichooshwa. Kauri iliyolowa haipitishi pumzi yako. Mapovu yakitoka sehemu moja, hapo pana ufa, rudisha dukani ukiwa na risiti. Ufa mwembamba sana hautaonekana kwa njia hii, kwa hiyo endelea kuuangalia mwendo wa maji. Ukipungua, ondoa mshumaa, usugue kwa brashi laini na maji safi bila sabuni. Na siku ya kuhama, utoe kwenye ndoo, uuanike ukauke kabisa, uufunge kwenye kanga na uubebe mkononi, si juu ya kirikuu pamoja na vitanda.