Bastola Kiunoni: Ajali Nyingi Huanzia Mkononi mwa Mwenyewe

Tik. Mlio mdogo tu, kama wa kalamu inayobonyezwa. Mwanafunzi aliyesimama mbele yangu alikuwa anarudisha bastola kwenye kifuko chake kiunoni huku akinitazama usoni, na kamba ya jaketi lake ilikuwa imeshajipenyeza ndani ya ile pete inayozunguka triga. Aliposukuma chini, kamba ikavuta. Ilikuwa bastola tupu, kwa sababu somo la kwanza huwa hatuliingii na risasi chumbani. Alilitazama paja lake kwa muda, akavua jaketi, na sikumwona nalo tena hadi kozi inakwisha.

Wanaokuja kwetu kujifunza kubeba bastola iliyofichwa huleta maswali yanayofanana. Nikivamiwa nifanye nini? Niichomoe kwa kasi gani? Ni maswali ya haki, na tunayajibu. Lakini mwenye leseni anayebeba silaha kila siku anaweza kuzeeka bila kuichomoa hata mara moja ili kujihami, ilhali kuivaa na kuivua hakwepeki. Asubuhi mara moja na jioni mara moja tayari ni zaidi ya mara 700 kwa mwaka, na hapo hujahesabu msalani, ndani ya gari, wala mlangoni mwa jengo lisiloruhusu silaha. Katika kugusagusa huko ndiko ajali zinakozaliwa. Kwa hiyo makala hii haitazungumzia majambazi.

Bastola za kisasa zilizo nzima hazijifyatui zenyewe zikiwa zimetulia. Nyingi zina kizuizi cha ndani kinachoikamata pini, ile ncha ya chuma inayoigonga risasi ilipuke, isifike kwenye risasi mpaka triga ivutwe. Zipo za zamani ambazo zikidondoka vibaya hufyatuka, na mwenye bastola ya aina hiyo anapaswa kuipeleka kwa fundi anayetambulika kabla ya kufikiria kuivaa. Kwa zilizobaki, swali ni moja: ni kitu gani kinaweza kuifikia triga bila wewe kukusudia? Kidole, kamba, ncha ya shati, funguo zilizo mfuko mmoja na bastola, mkono wa mtoto.

Kifuko kwanza, bastola baadaye

Nimewaona watu wakinunua bastola ya fedha nyingi kisha wakaibana kati ya suruali na tumbo. Plaxico Burress, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani aliyekuwa timu ya New York Giants, aliichomeka yake kiunoni namna hiyo mwaka 2008 akaenda nayo klabu ya usiku jijini New York. Bastola iliteleza ndani ya mguu wa suruali, akaiwahi kwa mkono, ikafyatuka na kumjeruhi paja. Aliponea, lakini hakuwa na kibali cha kubeba silaha katika jimbo hilo, na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Kifuko cha bei ya kawaida kingeizuia bastola ile isiteleze na kidole kisiifikie triga.

Kifuko kinachofaa huifunika triga yote, pande zote mbili, kwa kitu kigumu ambacho huwezi kukibonyeza kwa kidole ukaigusa triga kwa ndani. Mdomo wake hubaki wazi hata bastola ikiwa imetoka, ili kurudisha kusihitaji mkono wa pili kuupanua. Kinashika mkanda kwa nguvu, na mkanda wenyewe uwe mgumu, maana ule laini wa suruali za ofisini huinama na kukifanya kifuko kiyumbe. Kijaribu hivi: hakikisha bastola ni tupu, itie kifukoni, kigeuze juu chini juu ya kitanda, kitikise. Ikidondoka, tafuta kifuko kingine.

Vya ngozi ni vizuri, na mimi mwenyewe navipenda, ila ngozi huzeeka. Ikishalainika, ukingo wa mdomo hujikunja kwa ndani, na mkunjo huo unaweza kufanya kazi ya kidole kabisa pale unaposukuma bastola chini. Kikague kila mwezi, na kikianza kulegea kitupe bila huruma. Vile vya kitambaa vinavyouzwa kwa maelezo kwamba vinaingia bastola ya aina yoyote, sivishauri kwa yeyote.

Kurudisha

Kuchomoa kunaweza kuhitaji haraka, lakini kurudisha hakujawahi kuwa na haraka hata siku moja, na bado hapo ndipo watu wengi hujipiga risasi. Mkono umezoea mwendo, macho yapo kwingine, kidole kimesahaulika ndani ya pete.

Tunafundisha hivi. Simama. Kidole kilale kimenyooka ubavuni mwa bastola, nje ya pete, sehemu ya juu kuliko triga, mahali unapokihisi. Mkono mwingine upandishe shati na jaketi juu hadi kifuani, uvishikilie hapo. Tazama ndani ya mdomo wa kifuko kwa macho yako. Wanaojisifu kwamba wanarudisha bila kutazama wanajisifia kitu ambacho hakiwasaidii chochote. Kisha ingiza polepole. Ukihisi kitu kinakwama, hata kidogo, usisukume. Toa, tazama, anza upya. Kama bastola yako ina nyundo kwa nyuma, weka kidole gumba juu yake; triga ikivutwa na kitu, utaisikia nyundo inainuka kabla mambo hayajaharibika.

Anayevaa mbele, karibu na kitovu, mtutu wake unaelekea kwenye kinena na kwenye mshipa mkubwa wa paja. Huyo asukume nyonga mbele na kifua nyuma wakati wa kurudisha, ili mtutu utazame nje ya mwili. Au afanye kilicho salama zaidi ya vyote: avue kifuko, atie bastola humo mtutu ukielekea mahali salama, kisha avae kifuko na bastola kwa pamoja. Jioni hivyo hivyo, kifuko na bastola vitoke pamoja na kuwekwa pamoja kwenye sanduku la kufuli. Ukizoea hivyo, siku nzima inaweza kupita bila mkono wako kuigusa bastola yenyewe.

Mgongoni, katikati ya uti, watu hupapenda kwa sababu panaficha vizuri. Sipapendi. Ukianguka chali unaangukia chuma kwenye uti wa mgongo, na mtu aliye nyuma yako anaifikia silaha yako kabla yako.

Ikidondoka, iache idondoke

Ni vigumu, kwa sababu mkono hufuata kinachoanguka kabla akili haijaamua. Lakini bastola ya kisasa ikigonga sakafu haitarajiwi kufyatuka, ilhali vidole vitano vinavyoidaka hewani havijui vitashika wapi. Mwaka 2018, mjini Denver nchini Marekani, ofisa wa FBI asiye kazini alikuwa akicheza muziki baa, akajirusha sarakasi kinyumenyume. Bastola ikachomoka na kuanguka sakafuni bila kufyatuka. Alipoinama kuiokota kwa pupa ndipo risasi ikatoka na kumpata mtu mguuni. Iache itulie, vuta pumzi, kisha iokote kwa kitako, kidole kikiwa nje ya pete.

Msalani

Hakuna anayependa kuliandika hili, kwa hiyo wacha niliandike. Ukishusha suruali, uzito wa bastola huuvuta mkanda na kifuko hupinduka. Wengi hapo huitoa na kuiweka juu ya tangi la maji, au kuitundika kwenye msumari wa mlango kwa pete ya triga, jambo ambalo likifikiriwa vizuri linatisha: msumari ndani ya pete ya triga! Na aliyeitoa huisahau. Mwaka 2015 ziliripotiwa habari za askari wanaolinda Bunge la Marekani walioacha bastola zao vyooni ndani ya jengo lenyewe la Bunge, na mojawapo iliokotwa na mtoto. Hao ni watu waliofunzwa kwa kazi hiyo.

Bastola isitoke kifukoni. Ukiketi, vuta mkanda uubane juu kidogo ya magoti ili kifuko kibaki wima, au kilaze ndani ya suruali iliyokunjika, katikati ya miguu, mahali ambapo huwezi kusimama bila kukiinua.

Mkoba, mtoto na sahau

Silaha iliyo mkobani haiko mwilini mwako, na hilo hubadilisha kila kitu. Mkoba huwekwa kwenye kiti, kwenye toroli la dukani, chini ya meza. Mwishoni mwa mwaka 2014, katika duka moja kubwa jimboni Idaho, mtoto wa miaka miwili aliyekuwa amekaa kwenye toroli alifikia bastola ndani ya mkoba wa mama yake na kumwua palepale. Mkoba ule ulikuwa umetengenezwa maalumu kwa kubebea silaha, na mfuko wake una zipu. Wazazi hunijibu kwamba mtoto wa umri huo hana nguvu ya kuvuta triga. Hana nguvu ya kidole kimoja. Ila anayo ya vidole gumba viwili vikisukuma kwa pamoja, huku bastola ikiwa imemgeukia yeye mwenyewe. Ukilazimika kutumia mkoba, bastola iwe ndani ya kifuko kigumu, kwenye mfuko wake peke yake, na mkanda wa mkoba uvukishwe mwilini, mkoba wenyewe usiutue.

Sahau nayo ina hesabu yake. Mwaka 2023, wakaguzi wa TSA, idara ya usalama wa usafiri, katika viwanja vya ndege vya Marekani walikamata silaha 6,737 kwenye ukaguzi wa abiria, na takriban 93 kati ya kila 100 zilikuwa na risasi. Utetezi uliozoeleka ni "nilisahau kama ninayo", na mimi naamini wengi wanasema kweli. Kitu unachokivaa kila siku huacha kuhisika mwilini.

Usahaulifu huo unatisha zaidi hospitalini. Januari 2023, mwanamume mmoja huko São Paulo, Brazil, alimsindikiza mama yake kwenye kipimo cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, akiwa na bastola iliyofichwa kiunoni. Sumaku ya mashine hiyo huwa inafanya kazi hata pasipo na mgonjwa ndani. Iliivuta bastola, ikafyatuka, risasi ikamwingia tumboni, naye akafariki wiki chache baadaye. Unapoulizwa kuhusu vitu vya chuma mlangoni mwa chumba hicho, jibu kweli.

Kutoa risasi

Mpangilio wake haubadiliki: magazini, yaani kile kibweta cha risasi kilichomo kwenye kitako, itoke kwanza, halafu uvute slaidi, ile sehemu ya juu inayosogea, nyuma ili risasi iliyomo ndani ya chemba, mahali inapolipukia, iruke, kisha utazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa ncha ya kidole. Anayeanza na slaidi hutoa risasi moja na papo hapo magazini humpandishia nyingine, ndipo anachomoa magazini na kuamini kwamba bastola ni tupu. Aprili 2004, huko Orlando, ofisa wa idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya alikuwa akiwafundisha watoto na wazazi usalama wa silaha. Aliwaambia kwamba chumbani mle ni yeye pekee mwenye utaalamu wa kutosha wa kubeba bastola ile. Magazini alikuwa ameshaitoa. Sekunde chache baadaye akajipiga risasi ya paja mbele yao.

Jambo moja ambalo hata wazoefu hawalijui: ukiwa na tabia ya kutoa risasi jioni na kuirudisha ileile chembani asubuhi, kila ikigongwa kuingia, kichwa chake huweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hupungua na mgandamizo hupanda inapolipuka, wakati mwingine kiasi cha kuiharibu bastola mkononi mwako. Ilinganishe na risasi mpya kwa kuzisimamisha bega kwa bega mezani. Ikiwa fupi, usiitumie.

Na je, ubebe risasi ikiwa tayari chembani? Walimu wenzangu hubishana hapa mpaka chai inapoa. Msimamo wangu ni kwamba mgeni asiyejiamini na asiyekiamini kifuko chake aache chemba tupu, afanye mazoezi, na aamue baada ya miezi, si baada ya siku mbili.

Pombe sina la kurefusha: ukinywa, silaha ibaki kwenye sanduku. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kwingine hata jimbo kwa jimbo, hivyo kibali cha mahali pamoja usidhani kinavuka mpaka. Ukisimamishwa na polisi barabarani, mikono iwe juu ya usukani ikionekana, taja kwa utulivu kwamba una silaha na kibali, na usiinyooshee mkono hata ukiulizwa iko wapi. Eleza kwa mdomo, subiri maelekezo.

Mwisho ni damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla gari la wagonjwa halijafika. Anayebeba kitu kinachoweza kutoboa mshipa huo abebe pia mkanda maalumu wa kuzuia damu na ajue kuufunga kwa mkono mmoja: juu ya jeraha, upande wa kuelekea kwenye kiwiliwili, ukazwe mpaka damu isimame hata kama maumivu hayavumiliki, na saa ya kufunga iandikwe. Mkanda huo usiuache kwenye gari. Uvae mwilini, mahali mikono yako yote miwili inapafikia.