Eti akina mama "wanafundishwa kulima"

Kaa kwenye kijiwe chochote cha chai pale Uyole, Mbeya, hutakosa mtu anayewacheka akina mama waliokwenda semina ya kilimo endelevu. "Kulima wanajua tangu wana miaka saba, wanafundishwa nini tena?"

Kulima wanajua kweli. Ila shamba darasa, yaani kishamba ambacho kundi hujifunzia pamoja, halifundishi kushika jembe, linafundisha kupima. Nusu ya kishamba hupandwa kwa mazoea, nusu kwa njia mpya, mbegu ileile, siku ileile. Kila wiki kundi linakagua wadudu, rangi ya majani na unyevu wa udongo. Siku ya mavuno debe linapita pande zote mbili. Mama akirudi nyumbani kubishana na mzee juu ya nafasi ya kupandia, habishani kwa maneno matupu. Kwangu mimi hilo linazidi cheti cha kutundika ukutani.

Wengine wanadhani kilimo endelevu ni kuikataa mbolea ya dukani. Siyo. Urea ina naitrojeni asilimia 46, mboji nzuri huwa na asilimia moja au mbili tu, na mahindi ni mlafi. Kazi kubwa ya mboji ni kuushika udongo, ushike maji na chakula cha mmea, mvua za Januari zisisombe kile ulichokinunua kwa taabu. Mwenye uwezo wa mfuko mmoja wa mbolea hujifunza kupima kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kila shimo, kisha anafukia kidogo kabla ya kuweka mbegu ili isiungue.

"Mboji ni takataka zilizooza." Hili linanikera! Takataka zilizooza zinanuka. Mboji iliyoiva inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Unapanga mabua, majani mabichi, samadi na majivu kidogo, tabaka juu ya tabaka, unanyunyizia maji, kisha unachomeka fimbo ndefu hadi katikati ya lundo. Baada ya siku kadhaa unaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa ya baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa imelowa na inanuka, geuza lundo lipate hewa. Kwa baridi yetu ya Juni, usitegemee liive haraka kama la watu wa Kyela.

Na eti mambo haya yameletwa na wafadhili? Nenda Mbinga ukaone ngoro, yaani matuta yenye mashimo katikati, za Wamatengo kwenye miteremko mikali. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika. Nyasi zinaozea ndani ya tuta, shimo linakamata maji. Ni kazi ya vizazi na vizazi, kabla ya semina na posho zake.

Dhana iliyobaki ni ya wenye mafunzo wenyewe: kwamba mwanamke akishajua, basi ameshawezeshwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mke na mume. Kwenye karatasi ni safi. Kijijini, mjane bado anaweza kuambiwa na mashemeji kwamba msimu ujao shamba lina mtu. Nani atahangaikia shamba ambalo huenda akanyang'anywa? Makinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji yasisombe udongo, yanakula nguvu za mwaka huu ili yalipe miaka ijayo. Mparachichi wa kubebesha nao unataka kama miaka mitatu kabla ya kuzaa. Maharage yanaiva ndani ya miezi mitatu. Ukimwona mama amehudhuria kila somo na bado anapanda maharage tu, afisa ugani asimwandike mbishi kabla hajauliza shamba lile limeandikwa jina la nani.